Mzazi Yuko Misheni: Mwongozo kwa Mwalimu wa Mtoto wa Mwanajeshi

Ukifundisha jirani na kambi ya jeshi, iwe Lugalo, Monduli, Ngerengere au Nachingwea, darasani kwako wamo watoto ambao maisha yao hupangwa na amri inayotoka mbali. Shule kama Makongo na Jitegemee za Dar es Salaam ziko chini ya jeshi lenyewe, na walimu wa huko wanayajua maisha ya kota. Lakini watoto wengi wa askari wanasoma shule za kawaida za serikali, pamoja na watoto wa wakulima, wa mama lishe na wa waendesha bodaboda. Mwalimu wao anaweza kumaliza muhula mzima asijue kwamba baba wa mwanafunzi wa dawati la tatu aliondoka na kikosi chake na hatarudi mpaka mwakani.

Mwongozo huu ni wa mwalimu huyo, mwenye darasa lililojaa, asiye na mshauri wa kuajiriwa wala fungu la fedha. Kila kilichomo kinawezekana kwa daftari, simu na dakika kumi za mapumziko. Mwalimu wa Kenya aliye karibu na Lanet au Gilgil atabadilisha majina ya fomu na mifumo tu. Tangu jeshi la nchi yake lilipoingia Somalia Oktoba 2011, watoto wa huko wamepita njia hiyo hiyo.

Kwa nini mtoto huyu atazamwe kwa makini

Mambo matatu yanamwandama.

La kwanza ni kuhama. Askari akipata uhamisho, familia inafungasha. Kwa kuwa mtaala wa nchi ni mmoja, wengi hudhani mtoto ataendelea alipoishia. Haiwi hivyo. Kila mwalimu ana azimio lake la kazi na mwendo wake. Mtoto anaweza kuondoka Songea kabla sehemu hazijafundishwa, akafika Dar es Salaam darasa limeshazimaliza, na wiki ya pili akaitwa mzito wa hesabu. Mzito hayupo hapo. Ipo mada iliyorukwa, na haitajifundisha yenyewe. Sekondari mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu somo alilokuwa akilichukua kule huenda huku halina mwalimu.

La pili ni mzazi kuondoka. Tanzania imepeleka walinda amani Darfur, Lebanon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo, ambako mwaka 2013 iliungana na Afrika Kusini na Malawi kuunda brigedi maalumu chini ya Umoja wa Mataifa. Ni safari za miezi mingi, na mtoto anajua kwamba aliyeondoka hakwenda semina. Julai 2013 walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur. Desemba 2017 wasiopungua 14 waliuawa kambini kwao Semuliki, Kivu Kaskazini. Habari hizo zilitangazwa nchi nzima, na watoto waliokuwa na wazazi misheni walizisikia kama kila mtu.

La tatu ni siri, na hili ndilo walimu tunalisahau sana. Mtoto wa kota hufundishwa mapema asiseme baba yuko wapi, ameondoka lini wala amefuatana na nani. Agizo hilo ni la haki, linalinda maisha ya watu. Lakini ndilo linalomfanya mtoto, ukimuuliza ana nini, ajibu, "Sina kitu, mwalimu." Anatii. Ukimbana aseme, unamlazimisha kuchagua kati ya wewe na baba yake. Kwa hiyo msaada wa shule lazima umfikie mtoto bila kumtaka aeleze kitu, na hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya hilo.

Hatua ya kwanza: wajue bila kuwachunguza

1. Kwenye kikao cha wazazi cha mwanzo wa mwaka, mkuu wa shule aseme wazi: "Mzazi yeyote ambaye kazi yake itamweka mbali na nyumbani kwa muda mrefu, aone ofisi. Hatutauliza anakwenda wapi." Lisemwe kwa wazazi wote, wakiwemo mabaharia na madereva wa masafa, ili asionyeshwe mtu kidole.
2. Mlezi anapokuja ofisini, uliza maswali manne yaliyo kwenye kisanduku, basi.
3. Andika majibu kwenye daftari linalokaa kabatini kwa mkuu wa shule. Usiandike kwenye daftari la mahudhurio, ambalo monita hulibeba na kila mtu hulifunua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za familia ya askari zinahitaji ulinzi huo kuliko nyingi nyingine.
4. Wanaoambiwa ni wawili tu: mwalimu wa darasa na mwalimu wa malezi. Ofisi nzima ya walimu haihitaji kujua.

*KISANDUKU: Uliza haya, acha yale*

Uliza:
- Nani anamlea mtoto kwa sasa, na namba yake ya simu ni ipi?
- Nani mwingine anaruhusiwa kuja kumchukua shuleni?
- Mtoto ameelezwa nini kuhusu safari hii? (Ili usimwambie kinachopingana nalo.)
- Je, mnatarajia kuhama kabla ya mwisho wa mwaka?

Acha:
- Amekwenda nchi gani au kituo gani?
- Kikosi chake ni kipi, wako wangapi?
- Anarudi tarehe ngapi?

Onyo: majibu haya yasipite kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata kwa nia njema ya "tumwombee baba yake fulani".

Hatua ya pili: mpokee anayehamia

Wiki mbili za kwanza ndizo zinazoamua kama mtoto atajiona mwenyeji au mpangaji. Fanya hivi:

1. Kabla hajakaa darasani, thibitisha namba yake ya PReM, ambayo Baraza la Mitihani humfuatilia nayo mwanafunzi, na hakikisha uhamisho umekamilika kwenye mfumo. Mzazi akikuambia "tulishamaliza kule", angalia mwenyewe. Kwa mtoto wa darasa la mtihani, fanya hivyo siku hiyo hiyo. Uhamisho unaokuja baada ya usajili wa watahiniwa huleta usumbufu mkubwa, na anayeumia ni mtoto.
2. Mpe mwenyeji. Chagua mwanafunzi mpole wa jinsia yake, si lazima awe kinara wa darasa. Kazi yake ni kumwonyesha choo, bomba, foleni ya uji na mahali pa kucheza, na kukaa naye mapumziko kwa siku kumi.
3. Pitia madaftari yake ya shule aliyotoka. Usimpe mtihani wa kumpima siku ya kwanza. Madaftari yatakuonyesha walikofika, na dakika ishirini zinatosha kuorodhesha mada tatu au nne alizozikosa.
4. Zigawe mada hizo. Moja mfundishe wewe, nyingine afundishwe na mwenzake, nyingine mpe mlezi ajue. Panga tarehe ya kumaliza.
5. Mtafutie nafasi kwenye jambo analoliweza. Kama alikuwa kwaya, skauti au timu ya netiboli, aingie sasa, hata kama msimu umeshaanza. Kusubiri mwaka ujao hakuna maana kwa mtoto ambaye mwaka ujao huenda hayupo.

Hiyo ya tano naisisitiza. Baada ya kuhama mara kadhaa, mtoto hujifunza kutoanzisha urafiki, kwa sababu anajua utakatwa. Utamwona mtulivu, mwenye adabu, hasumbui mtu. Walimu humsifu kwa utulivu huo, kumbe ameacha kujaribu.

Hatua ya tatu: mzazi anapokuwa hayupo

Madaktari wa jeshi la Marekani walioandika mwaka 2001 kuhusu familia za askari walieleza kwamba misukosuko ya familia huanza kabla ya safari yenyewe. Mwalimu akijua hilo hashangai kumwona mtoto akigombana wiki mbili kabla baba hajaondoka, au nyumba ikiwa na hasira badala ya huzuni. Baada ya kuondoka, wiki chache za mwanzo huwa ngumu. Kisha nyumba hupata utaratibu mpya na mtoto hutulia, mpaka litokee jambo la kumtikisa, kama sikukuu, ugonjwa au habari ya redioni.

Ishara hutofautiana kwa umri. Wadogo wa awali na darasa la kwanza hung'ang'ania nguo ya mlezi getini, hurudia kukojoa kitandani, hulia kwa vitu vidogo. Wa kati huumwa tumbo na kichwa asubuhi, hupigana, husahau kazi za nyumbani. Wakubwa mara nyingi hawaonyeshi chochote. Mtazame hasa mtoto wa kwanza kuzaliwa, ambaye siku baba alipoondoka aliambiwa, "Wewe sasa ndiye mwenye nyumba." Kauli hiyo husemwa kwa upendo, na kijana wa miaka kumi na minne huipokea kama kazi. Anapeleka wadogo zake shule, anakwenda dukani, anakesha mama akiumwa, halafu anafika kwako saa mbili na nusu na kusimamishwa nje na wachelewaji.

Ikiwa aliyeondoka ni mama, na askari wanawake nao hupangiwa misheni, mtoto huenda amebaki na bibi au dada wa kazi. Hapo hakikisha mlezi anajua kusoma taarifa za shule. Kama hajui, mpigie simu.

Cha kufanya kila wiki:

1. Mwite kwa jambo dogo la kawaida, kama kufuta ubao au kubeba madaftari, na muwe pamoja dakika tatu. Usiulize kuhusu mzazi. Uliza kuhusu mpira, mdogo wake, chakula cha jana. Akitaka kusema, atasema.
2. Mpe njia ya kutoka. Mkubaliane ishara, kwa mfano kuweka kalamu pembeni ya dawati, itakayomruhusu kwenda kunywa maji bila kuomba mbele ya wenzake.
3. Kabla ya kutoa adhabu, angalia daftari la kabatini. Mtoto aliyekuwa mzuri na amebadilika ghafla anahitaji kuulizwa na mtu mzima aliyetulia. Fimbo kwa mtoto wa namna hii inafunga mlango ambao umetumia muhula mzima kuufungua.
4. Msaidie kuweka kumbukumbu. Daftari moja la kubandika kazi nzuri, picha alizochora na matokeo, litakalomsubiri mzazi. Likae shuleni ili lisipotee.
5. Mara moja kwa mwezi mpigie mlezi simu ya kusema jema tu. Mama wa kota amezoea simu ya shule yenye madai au mashtaka.

*KISANDUKU: Makosa tunayoyafanya mara kwa mara*

- Kumwambia mtoto "baba atarudi salama". Huna uwezo wa kuahidi hilo. Sema: "Baba yako ana wenzake waliofunzwa vizuri, na sisi tupo hapa na wewe."
- Kumwinua mtoto mstarini siku ya tarehe 1 Septemba, Siku ya Majeshi, apigiwe makofi, bila kumuuliza wala kumuuliza mlezi. Wapo wanaofurahi. Wapo wanaotamani ardhi ipasuke.
- Kusema "mtoto wa mwanajeshi halii". Analia, na anastahili mahali pa kulilia.
- Kumtumia kupata habari za kambini.
- Kuruhusu mjadala wa vita darasani bila kumwandaa. Ukifika kwenye mada ya migogoro ya Maziwa Makuu, mwambie siku moja kabla.
- Kupima adabu yake kwa cheo cha baba, ama kwa kumwogopa, ama kwa kumdai awe mfano wa wengine.

Kwa mlezi aliyebaki nyumbani

Mwalimu, unaweza kumsomea mlezi sehemu hii. Mwambie mtoto ukweli unaolingana na umri wake. Mtoto asiyeambiwa kitu hutunga chake, na alichotunga kwa kawaida hutisha kuliko ukweli. Weka saa ile ile ya kulala na ya kazi za shule. Zima redio na simu usiku kunapokuwa na habari za mapigano. Simu kutoka misheni hukatika na ratiba hubadilika, kwa hiyo usimwahidi mtoto siku ya kupigiwa. Ikija, ni zawadi. Na kumbuka namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni ya bure na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kenya nayo inatumia 116.

Hatua ya nne: mzazi anaporudi

Hapa shule nyingi hulegeza uangalizi, kwa kuona shida imekwisha. Furaha ya wiki ya kwanza ni ya kweli. Baadaye huja mwezi mgumu. Aliyeondoka alimwacha mtoto wa darasa la nne anayeomba ruhusa kwenda kwa jirani. Amemkuta wa darasa la tano anayejua kupika wali na kujibu. Mama amezoea kuamua peke yake. Baba huenda halali vizuri, anashtuka mlango ukigongwa, anataka nyumba ikae kama gwaride.

Kama unaweza, mruhusu mtoto siku moja au mbili za mapumziko, halafu arudi kwenye ratiba. Mwalike mzazi aje shuleni atazame lile daftari la kumbukumbu mbele ya mtoto. Kwa mzazi aliyekosa mwaka mzima hiyo ni nafasi ya kuuona, na mtoto anapata wa kumwonyesha. Endelea na dakika tatu zako za kila wiki kwa miezi mitatu mingine. Ukisikia kwamba nyumbani kuna vipigo, usiendelee kulea jambo hilo peke yako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakutaka umlinde. Mwone mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii, na kambini wamo viongozi wa kikosi na wa dini ambao familia huwasikiliza.

Hatua ya tano: habari mbaya

Panga haya mapema, siku ambayo hakuna kilichotokea.

1. Jeshi lina utaratibu wake wa kuiarifu familia. Shule isiutangulie. Hata ukiisoma habari kwenye simu yako saa nne asubuhi, kaa kimya.
2. Siku ya taarifa kama hizo, walimu waweke simu mbali na wanafunzi, na mwalimu wa malezi awe karibu na madarasa ya watoto husika bila kuwaita.
3. Mlezi au ndugu akija kumchukua mtoto, mwite kwa utulivu aje na mkoba wake. Asiambiwe koridoni. Asiambiwe na wewe, isipokuwa familia imekuomba.
4. Baada ya mtoto kuondoka, waambie wenzake kwa maneno machache ya kweli, na uwafundishe la kusema akirudi: "Pole. Tulikukumbuka." Wakataze maswali ya namna alivyokufa.
5. Nendeni msibani, mwalimu na wanafunzi wachache. Ikiwa ni mazishi ya kijeshi, waelezeni watoto kabla kwamba kutakuwa na milio ya risasi za heshima. Kwa shule za Mbagala na Gongo la Mboto, ambako maghala ya silaha yalilipuka mwaka 2009 na 2011, milio hiyo inaweza kuwarudisha hata watu wazima kwenye siku zile.
6. Akirudi darasani, kazi zipunguzwe kwa muda mliokubaliana, na mtu mmoja tu ashike mazungumzo naye.

Kuna jambo ambalo shule hushtukizwa nalo. Mzazi askari akifariki au akistaafu kwa ulemavu, familia huenda ikatakiwa kuondoka kota. Mtoto anapoteza mzazi, nyumba, marafiki na shule ndani ya mwaka mmoja. Muulize mlezi mapema mpango ni upi. Kama atabaki wilaya hiyo hiyo, tafuteni namna ya kumwacha amalize mwaka kwenu hata kama anakaa mbali. Kamati ya shule inaweza kumsaidia nauli.

Wenzetu wamefanyaje

Uingereza ilianza mwaka 2011 kuzipa shule za England fedha za ziada kwa kila mtoto wa mwanajeshi, zitumike kwa malezi. Marekani, majimbo yote 50 yamo kwenye mapatano yanayomzuia mtoto wa askari asirudishwe nyuma kimasomo anapohama jimbo, na sheria ya elimu ya mwaka 2015 inazitaka shule zitambue wanafunzi hao ili maendeleo yao yafuatwe. Wakenya na Watanzania walioingia jeshi la nchi hiyo wanaweza kuomba haki hizo shuleni kwa watoto wao. Waulize shuleni kama yupo mtu anayeshughulikia familia za kijeshi. Kwetu, la kuomba kwanza kwenye vikao vya kata na wilaya ni kwamba mtoto anayehama kwa amri ya kazi ya mzazi apokelewe hapo hapo, karatasi zimalizwe akiwa darasani.

Hatua ya sita: anapohama kutoka kwako

Mara nyingi utaambiwa siku tatu kabla. Uwe na bahasha tayari, nayo iwe na:

- Namba ya PReM na uthibitisho kwamba uhamisho umeanzishwa kwenye mfumo.
- Ripoti ya maendeleo yenye alama hadi wiki hiyo, ikiwa na muhuri.
- Karatasi moja ya mada zilizofundishwa na zisizofundishwa, kwa kila somo.
- Barua fupi yako kwa mwalimu mpya: anachopenda, anachokiweza, kinachomsaidia akivurugika. Usiandike habari za kazi ya mzazi. Hilo mlezi ataamua mwenyewe.
- Lile daftari la kumbukumbu.
- Namba yako ya simu.

Mpe mlezi bahasha mkononi, usimtume mtoto. Siku ya mwisho liache darasa limuage kwa dakika kumi, hata kama ni katikati ya wiki ya mitihani, na umwambie mwenyeji wake wa zamani kwamba kazi aliifanya vizuri, kwa sababu mgeni mwingine atakuja na utamhitaji tena.